Shildi na amadi za kebo za umeme baharini: zinaongeza uhai wa kebo au ndizo zinazoiua?

#1 Fundi_wa_Pwani
Wakuu salama. Kuna kazi inakuja ya kuvusha umeme kwenda kisiwa kidogo, mwekezaji ana hoteli kule, na mabishano kwenye kikao yamenikera mpaka nimeamua kuyaleta huku. Mwenye pesa anang'ang'ania kebo yenye amadi, yaani vazi la nyaya za chuma, tabaka mbili, shildi ya shaba (kinga ya umeme) na gamba la risasi (ile metali laini nzito), anasema ikivaa vyote hivyo itakaa miaka 40 bila kuguswa. Mi nasema kila tabaka unaloongeza linaleta ugonjwa wake. Chuma kinaongeza uzito, risasi inachoka, shaba ikiingiwa na maji inaoza kimya kimya. Kebo nyingi nilizoona zimekufa majini zilianza kufa kwenye tabaka la ulinzi, kondakta wenyewe ulikuwa mzima. Mnaojua njooni, ila mje na sababu, siyo kunitumia katalogi tu.

#2 kijana_wa_Tandika
Nimevuta kiti

#3 VoltiKavu
Mkuu mleta mada umechanganya vitu viwili ndani ya sufuria moja, tuvitenganishe kwanza. Kebo ya bahari ya XLPE (yenye insuleshoni ya plastiki ya polithini) ukiikata utakuta kondakta wa shaba au alumini, juu yake tabaka jembamba jeusi lenye kaboni, halafu insuleshoni yenyewe, halafu tabaka jeusi lingine. Hayo meusi mawili ndiyo skrini ya umeme. Kazi yake ni kulainisha uga wa umeme usijikusanye sehemu moja, basi. Nguvu ya kuvuta hayana kabisa. Baada ya hapo kuna tepu inayovimba ikiguswa na maji, gamba la risasi la kuzuia maji, plastiki, ndipo zinakuja nyaya za chuma zilizopakwa zinki, lami, na nyuzi za polipropilini nje kabisa. Nguvu yote ya kuvuta na kupigwa iko kwenye chuma. Kwahiyo swali "shildi inaongeza uimara?" jibu ni hapana, shildi ni ya umeme, amadi ndiyo ya uimara. Uzi ungeweza kuishia hapa.

#4 Fundi_wa_Pwani
#3 haujaisha mkuu. Hayo matabaka meusi yasiyo na nguvu, kebo ikikunjwa vibaya yakaachana na insuleshoni hata kwa unywele, inakuaje?

#5 VoltiKavu
Hapo unapata upenyo, hewa inakaa, cheche ndogo ndogo zinaanza kutafuna insuleshoni kidogo kidogo mpaka siku inapiga. Ndiyo maana siku hizi matabaka yote matatu yanamwagwa kwa pamoja kiwandani yashikane.

#6 Fundi_wa_Pwani
Kwahiyo umekubali kwamba skrini inaweza kuuawa na kukunjwa na ikifa inaua kebo. Hilo ni jambo la kimekanika, huwezi kuniambia ni la umeme tu.

#7 Mzawa_wa_Mkunazini
Assalam alaykum. Sisi Zanzibar tuna la kusema hapa maana tuliishi giza. Kebo ya kwanza ya kutoka bara, Ras Kiromoni mpaka Fumba, iliwekwa 1980. Mei 2008 ikazimika Unguja nzima karibu mwezi. Desemba 2009 tena, ile ikaenda mpaka Machi 2010, miezi mitatu watu wananunua barafu kwa bei ya samaki na majenereta yananguruma Darajani usiku na mchana. Amadi ilikuwepo. Chuma kilikuwepo. Sasa huo ulinzi ulilinda nini?

#8 Ng'ombe_wa_Mjini
Pole sana wa Unguja, ile miezi mitatu namkumbuka mjomba wangu alivyofunga biashara ya samaki.

#9 nahodha_mstaafu
Nanga. Mi nasema nanga. Mlango ule una meli, majahazi, boti za uvuvi, mtu anatia nanga popote.

#10 Mzawa_wa_Mkunazini
Shehe mtaani kila mtu alikuwa na yake, wengine nanga, wengine uzee, wengine mzigo mkubwa kuliko kebo maana ilikuwa ya MW 45 tu na hoteli zilishaota kila fukwe. Mi hoja yangu haiko kwa nani kaiua. Kisiwa kizima kilining'inia kwenye kebo moja iliyokaribia miaka 30. Baadaye 2013 ikaja ya pili ya MW 100 kwa fedha za MCC, shirika la misaada la Marekani, kilovolti 132, na Pemba wakapata yao kutoka upande wa Tanga 2010, ile ya kilovolti 33. Ukiwa na mbili moja ikifa unapumua. Mleta mada mwambie mwekezaji anunue mbili nyembamba kuliko moja yenye mavazi ya sultani.

#11 VoltiKavu
#10 hoja nzuri ila umehama. Swali ni kudumu kwa kebo yenyewe siyo kudumu kwa umeme hotelini.

#12 Mzawa_wa_Mkunazini
Mwenye hoteli anauza umeme au anauza kebo?

#13 Baridi_ya_Bergen
Habari za huko. Niko Norway, nafanya kazi kwenye kebo za bahari miaka mingi sasa, ngoja niingie kwenye risasi maana #3 ameipita haraka kana kwamba ni plastiki.

Risasi inayeyuka nyuzi 327 tu. Maana yake hata kwenye maji baridi ya huku, kwa metali ile hilo ni joto la kutosha kuifanya isogee polepole ikibanwa muda mrefu. Halafu inachoka. Ukiikunja mara moja haina neno, ukiikunja kidogo kidogo mara laki inapata nyufa hata kama kila mkunjo ni mdogo usioonekana kwa macho, kama waya wa hanga unavyokatika mkononi ukiuchezea. Sasa kebo ikiwa imelala vizuri chini risasi inaishi tu. Lakini ikiwa imening'inia kati ya mawe mawili, mkondo wa maji unapita juu na chini yake, vimbunga vidogo vya maji vinajipanga nyuma yake na kebo inaanza kutetema. Usiku na mchana. Chuma kinavumilia, risasi haivumilii. Ufa mmoja, maji yanaingia, na insuleshoni ya kilovolti nyingi haitaki maji.

Ndiyo maana mitambo ya upepo inayoelea, kwa mfano Hywind kule Scotland iliyoanza 2017, kebo inayoshuka kutoka kwenye mtambo inacheza na mawimbi maisha yake yote, na kwenye kebo za namna hiyo gamba la kawaida la risasi watu wanalikwepa. Wanatumia shaba iliyokunjwa mawimbi mawimbi, au kwenye kilovolti 66 wanaacha gamba la metali kabisa na kutumia insuleshoni iliyotengenezwa ivumilie unyevu.

Kwahiyo mleta mada yuko karibu na ukweli kuliko wengi mnavyodhani.

#14 kijana_wa_Tandika
Huyu ndo tulikuwa tunamsubiri

#15 mzee_wa_Swichigia
Risasi imetumika kwenye kebo zaidi ya miaka mia. Kuna kebo za karatasi na mafuta zenye gamba la risasi ziko ardhini mijini mpaka leo zinafanya kazi na waliozizika wamekufa wote. Leo tunaambiwa risasi ndiyo adui? Adui ni kuning'inia. Ukiweka kebo kwenye miamba bila kusafisha njia hata ungeivika dhahabu itakufa.

#16 Baridi_ya_Bergen
#15 mzee wangu, ardhini haitetemi. Na hata ardhini zile zilizopita karibu na reli na madaraja zilikuwa zinapasuka risasi kwa mtetemo, ndiyo sababu watu walianza kuchanganya risasi na bati na antimoni kidogo ili iwe ngumu zaidi.

#17 mzee_wa_Swichigia
Sasa umesema mwenyewe. Dawa ni kuichanganya vizuri, hakuna haja ya kuitupa.

#18 Pweza_Mzamiaji
Mimi nazamia, napiga picha chini kwa wanaokagua mabomba na kebo, kwahiyo nitawaambia ninachoona siyo ninachosoma. Katikati ya bahari kebo mara nyingi haina shida, imefunikwa na mchanga hata huioni. Shida iko pale inapopanda nchi kavu. Pwani yetu ni jiwe la matumbawe, lina meno. Maji kupwa na maji kujaa, wimbi linaisukuma kebo sentimita chache kushoto kulia, zile nyuzi za nje zinaondoka kwanza, halafu lami, halafu unaona zinki imeisha chuma kimekuwa chekundu. Ukishika unapata unga wa kutu mkononi. Mahali pengine kebo nyembamba za watu binafsi za kwenda kwenye vijisiwa nimekuta nyaya za chuma zimekatika zimetoka nje zimesimama wima, yaani kinga yenyewe sasa inachoma ndani. Kwahiyo mimi nasema amadi inakufa kwa kusuguliwa, mambo ya risasi kuchoka huku kwetu hayafiki maana kabla risasi haijachoka jiwe limeshamaliza kazi.

#19 Fundi_wa_Pwani
Asante sana #18. Hapo pa kupanda nchi kavu watu wanaweka nini?

#20 Pweza_Mzamiaji
Kwa kazi nzuri wanavisha magamba ya chuma cha kumwaga, vipande viwili viwili vinafungwa kwa bolti kuizunguka kebo, vinabanwa kwenye mwamba. Au wanatoboa chini ya ufukwe kabisa wanapitisha bomba, kebo inatokea mbali kwenye kina. Kwa kazi za haraka wanaweka mifuko ya saruji na dua.

#21 MsongaMbele_254
Wasee wa TZ hamjambo. Kwa hizi za intaneti mambo ni tofauti kidogo lakini zinafunza. SEACOM na TEAMS zilifika 2009, EASSy 2010. Mtu akisikia kebo ya kuvuka bahari hudhani ni kitu kinono kama mguu, kumbe kule kwenye kina cha kilomita kadhaa ni nyembamba tu, kama milimita 17 hadi 20 na haina amadi hata moja. Inavishwa chuma ikikaribia ufuo, tena tabaka mbili kwa maji mafupi. Na ndani kuna mrija wa shaba unaobeba umeme wa DC wa maelfu ya volti kulisha vikuza mawimbi, so hizo pia ni kebo za umeme chini ya maji msizibague. Swali langu, mbona penye kina wanaivua nguo na bado inadumu?

#22 samaki_wa_Ferry
Papa! Papa wanazitafuna nilisoma, Google mpaka wakazivika kitu cha kuzuia risasi za bunduki.

#23 MsongaMbele_254
#22 hiyo ya papa imekuzwa sana. Miaka ya 80 kweli kebo moja ilipata meno ya papa karibu na visiwa vya Canary, wakaongeza tepu ya chuma chini ya plastiki kwa zile za kina kirefu. Ila ukiangalia hesabu za hitilafu za kebo za mawasiliano, kati ya theluthi mbili na robo tatu ni nyavu na nanga. Samaki ni sehemu ndogo hata asilimia moja haifiki.

#24 nahodha_mstaafu
NANGA. Nilisema #9 mkanipita.

#25 Baridi_ya_Bergen
#21 kwa sababu kule chini hakuna nanga wala nyavu, na chuma kingekuwa mzigo. Hesabu iko hivi: wakati unailaza, kipande chote kinachoning'inia kutoka melini mpaka chini kinavutwa na uzito wake. Kwenye mwongozo wa majaribio wa CIGRE (jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa gridi za umeme), namba 623, mvuto wa kupimia unaanzia kwenye uzito wa kebo ndani ya maji mara kina, halafu unaongeza mvuto wa chini kwenye sakafu. Sasa ukiongeza chuma unaongeza nguvu lakini pia unaongeza uzito ambao chuma hicho hicho lazima kiubebe. Kwenye kina kirefu chuma kinaishia kujibeba chenyewe. Kebo ya SAPEI ya Italia kwenda Sardinia inapita mita 1,640 chini, kule kwenye kina walitumia kondakta wa alumini badala ya shaba ili kupunguza uzito, na leo viwanda vinatengeneza amadi ya nyuzi za plastiki ngumu badala ya chuma.

Mlango wa Zanzibar una maji mafupi, huko uzito siyo tatizo. Msichukue hesabu za Sardinia mkazileta Fumba.

#26 Fundi_wa_Pwani
Kisiwa chetu kina cha juu ni kama mita 20 tu, maji yakijaa.

#27 VoltiKavu
Basi amadi mbili hazina hasara kwako. Mita 20, uzito si hoja, nanga za mashua ni ndogo. Vika.

#28 Kamba_Mbili
Nipinge hapo. Amadi ina tabia moja ambayo haijatajwa. Zile nyaya zimezungushwa mshazari kuizunguka kebo. Ukiivuta, mzunguko unataka kunyooka, kwahiyo kebo inajizungusha yenyewe. Tabaka moja la amadi linazunguka sana, tabaka mbili zilizozungushwa kinyume zinazuiana. Hiyo ndiyo faida ya mbili. Lakini hapo hapo mvuto unafanya zile nyaya zibane ndani, zinakandamiza gamba la risasi na insuleshoni. Na ukiilegeza ghafla baada ya kuvuta, kebo inajikunja kitanzi, na ukivuta kitanzi kile kikiwa bado kipo basi umeivunja. Au nyaya zinafumuka zinaachia mwili. Nimeona hilo likitokea kwenye mashua ya kukodi, mtu wa winchi aliachia breki bila kuambiwa. Kebo mpya kabisa, ilikuwa haijaona umeme hata siku moja.

#29 Fundi_wa_Pwani
Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Kwa hiyo chuma kinaweza kuikamua kebo iliyo ndani yake.

#30 mzee_wa_Swichigia
Breki ya winchi siyo kosa la chuma vijana

#31 Kisima_Dodoma
Samahani mimi wa nchi kavu ila pampu zangu zinakaa ndani ya maji kwahiyo nahusika. Visima vya mita 100 na zaidi. Wateja wengine wanaoendesha pampu kwa inveta wanaambiwa wanunue kebo yenye shildi ili isisumbue vifaa vingine. Mimi uzoefu wangu ile kebo bapa ya kawaida ya mpira isiyo na shildi inakaa kisimani muda mrefu kuliko ya shildi. Ya shildi ikipata tundu dogo tu kwenye ganda la nje, maji yanaingia kwenye zile nyuzi za shaba zilizosukwa na yanapanda na kushuka kebo nzima, unakuja kupima insuleshoni unakuta kebo yote imeoza siyo pale penye tundu tu. Nimebadilisha hizo nyingi. Sasa hivi naweka shildi juu ya ardhi tu, kutoka inveta mpaka mdomo wa kisima, chini naweka bapa.

#32 VoltiKavu
#31 na EMC je, yaani kuzuia vifaa visisumbuane kwa mawimbi ya umeme? Unakata shildi njiani?

#33 Kisima_Dodoma
Mkuu bomba la chuma na maji viko palepale, hakuna redio kisimani. Juu ndiko kuna vifaa vya kusumbuliwa.

#34 Maskati_Tech
Salamu kutoka Maskati. Nafanya kazi na roboti za chini ya maji kwenye mafuta, zile zinazokagua mabomba. Kebo yake inakunjwa na kukunjuliwa kwenye dramu kila siku, hakuna kebo inayoteswa kuliko hiyo. Namuunga mkono #31. Shildi ya kusukwa, kila zile nyuzi ndogo za shaba zinapopishana zinasuguana, baada ya muda zinakatika, na ncha zilizokatika zinachoma insuleshoni ya waya wa jirani. Ya karatasi ya alumini ndiyo mbaya zaidi, inapasuka mapema. Iliyozungushwa upande mmoja tu bila kusukwa inavumilia kukunjwa vizuri. Na nguvu ya kuvuta huku hatuitafuti kwenye metali kabisa, ni nyuzi za aramidi, nyepesi na hazipati kutu. Kwahiyo kwa kebo inayocheza shildi ndiyo inatangulia kufa, hilo mimi sina shaka nalo.

#35 mzee_wa_Swichigia
Kebo ya hoteli haifungwi kwenye roboti. Tusimtishe mtu kwa kesi zisizo zake.

#36 Maskati_Tech
Inacheza mzee, #18 amesema wimbi linaisukuma kila kupwa na kujaa.

#37 mdau_mdadisi
Tukirudi nyuma kidogo kwenye historia inasaidia. Agosti 1850 ndugu wawili wa Uingereza, akina Brett, walilaza waya wa telegrafu kati ya Uingereza na Ufaransa, shaba tu ndani ya gataperka (utomvu mgumu wa mti), hakuna amadi. Haukumaliza hata siku mbili. 1851 wakarudi na waya wenye nyaya kumi za chuma zimezungushwa nje, huo ukafanya kazi miaka na miaka. Bahari ileile, miamba ileile, mwaka mmoja tu tofauti. Wanaosema chuma ni ugonjwa wajibu hilo.

#38 Fundi_wa_Pwani
Sijasema tuvue vyote. Nimesema kila tabaka lina bei yake.

#39 Mzawa_wa_Mkunazini
#37 umenikumbusha, waya wa telegrafu ulifika kwetu 1879 kutoka Aden ukaendelea Msumbiji mpaka Durban. Lile jengo la Shangani ambalo leo ni hoteli kubwa ndilo lilikuwa la watu wa telegrafu. Babu alikuwa akituonyesha anasema humo ndimo habari za dunia zilikuwa zinaingia.

#40 samaki_wa_Ferry
Kumbe! Mi napita pale kila siku sijui

#41 Ng'ombe_wa_Mjini
Tuwekee picha basi

#42 nahodha_mstaafu
Turudi kwenye mada. Nimekuwa baharini maisha yangu yote. Nanga ya meli kubwa ina tani kadhaa, ikikokotwa na meli inayotembea hakuna waya wa chuma wa milimita tano utakaoizuia. Desemba 25, 2024 kebo ya Estlink 2 kati ya Finland na Estonia ilikatwa, meli ya mafuta Eagle S imekokota nanga makumi ya kilomita. Ile ni kebo ya MW 650, ilivaa kila kitu, ilirudi kazini Juni 2025. Dawa ya nanga ni kufukia. Mita moja, mita mbili chini ya mchanga, au kumwagia mawe.

#43 VoltiKavu
Nahodha hata kufukia siyo kinga kamili. Novemba 2016, wakati wa dhoruba iliyoitwa Angus, nanga ya tishari ilizikata kebo nne kati ya nane za kiungo cha Uingereza na Ufaransa, na zile zilichimbiwa mtaro tangu zinawekwa miaka ya 80. Kiungo kikabaki na nusu ya uwezo, MW 1,000.

#44 nahodha_mstaafu
Nane zilikuwepo nne zikabaki. Unaona? Tunarudi kwa #10.

#45 Mzawa_wa_Mkunazini
Allah akuweke nahodha

#46 Baridi_ya_Bergen
Kuhusu kumwagia mawe kuna funzo kubwa halijaguswa. Aprili 2021 kampuni ya Ørsted ya Denmark ilitangaza kwamba kwenye mashamba yake ya upepo ya baharini, mpaka kumi hivi Ulaya, zile bomba za plastiki ngumu zinazovishwa kebo pale inapoingia kwenye mguu wa mtambo zilikuwa zinateleza juu ya mawe yaliyowekwa kuzuia mchanga usimomonyoke. Zikaisha kwa kusuguliwa, na sehemu nyingine kebo ikafuata. Walikadiria gharama kama krona bilioni 3. Yaani mawe ya kulinda nguzo yakala kinga ya kebo. Dawa waliyotumia ni kumwaga mawe mengine juu yake itulie isitembee.

Kwahiyo #18 na mimi tunasema kitu kimoja kwa njia mbili. Kinachoua ni kutembea. Yeye anaona jiwe, mimi naona ufa kwenye risasi.

#47 Pweza_Mzamiaji
Hatusemi kitu kimoja mkuu. Wewe unataka kubadilisha kebo, mimi nataka kuibana kwenye mwamba. Ukiibana vizuri kebo yoyote inakaa.

#48 Baridi_ya_Bergen
Na ukiibana sehemu moja tu, pale ubanaji unapoishia ndipo mkunjo wote unahamia. Ndiyo maana kunawekwa kipande cha mpira kinachopungua unene taratibu.

#49 Joto_Kali
Mmesahau joto. Chuma kina sumaku, kondakta inabeba AC, nyaya za amadi zinapata moto, na gamba la risasi nalo linapitisha mkondo wa kuzunguka. Kwa kebo yenye kondakta moja hasara ni kubwa mpaka watu wanatumia amadi ya shaba au chuma cha pua badala ya chuma cha kawaida. Sasa kebo ikipata moto mchana watalii wamewasha viyoyozi, usiku inapoa, kila siku inavimba na kusinyaa, risasi inavutwa na kurudishwa. Hiyo nayo ni kazi ya kimekanika na haihitaji wimbi wala nanga. Mnajenga kebo yenye chuma kingi halafu mnaifukia mita mbili kwenye mchanga mkavu wa ufukweni joto lisitoke. Sehemu ya moto kuliko zote ni pale ufukweni, na ndipo mnapoweka vibano vyenu vya chuma.

#50 VoltiKavu
#49 kwa kebo ya kondakta tatu ndani ya gamba moja sumaku zinafutana kwa kiasi kikubwa. Na vipimo vimeonyesha kwamba kanuni ya zamani ya kimataifa ya kukadiria joto la kebo, IEC 60287, ilikuwa inakadiria hasara ya amadi juu kuliko ilivyo kweli kwa kebo za namna hiyo. Kwa hoteli moja hilo joto halipo.

#51 Joto_Kali
Hoteli moja leo. Miaka kumi wataongeza vyumba na bwawa la kuogelea na mashine ya kusafisha maji ya chumvi, tunawajua.

#52 Dada_wa_Jointi
Nimesoma uzi wote toka mwanzo hakuna aliyetaja jointi isipokuwa kwa kupita. Mimi kazi yangu ni jointi na taminesheni, yaani kuunga kebo na kumalizia ncha zake. Kebo nzima ya kiwandani imepimwa, imekunjwa kwenye gurudumu, imevutwa, imepita. Halafu inafika kwa mtu anayekata skrini kwa wembe kwenye boti inayoyumba jua kali mikono ina jasho na chumvi. Akikata milimita moja zaidi akaacha alama kwenye insuleshoni, kebo imeshapewa tarehe ya kufa. Na amadi pale kwenye jointi lazima iunganishwe upya mvuto upite juu ya jointi usipite ndani yake, wengi wanaikata tu wanafunga kibano cha hovyo, kebo ikivutwa kidogo mzigo wote unaenda kwenye kondakta. Kila mmoja hapa anatetea tabaka lake, lakini matabaka yote hayo yanakatwa na kisu kimoja pale kwenye jointi. Kama njia ni fupi agiza urefu wote kipande kimoja, usiweke jointi majini.

#53 Fundi_wa_Pwani
Dada asante sana, hii naichukua kama ilivyo. Njia haizidi kilomita mbili kwahiyo kipande kimoja kinawezekana. Sasa wakuu nimalizieni hili: kwa umbali huo tukipeleka 400 V volti zitaanguka njiani, kwahiyo itakuwa 11 kV. Hapo skrini haikwepeki. Swali ni gamba la risasi, tuliweke au tuache?

#54 mzee_wa_Swichigia
Weka risasi.

#55 Baridi_ya_Bergen
Acha. Kwa 11 kV na insuleshoni inayozuia miti ya maji (nyufa ndogo zenye umbo la mti zinazoletwa na unyevu), skrini ya nyuzi za shaba na tepu ya kuvimba juu yake inatosha, na amadi moja ya nyaya nene. Kebo inakuwa nyepesi, boti ndogo inaweza kuilaza, na kipenyo cha kukunja kinakuwa rahisi kwenu.

#56 Kisima_Dodoma
Skrini ya shaba majini bila risasi? Mkuu soma #31 tena.

#57 Baridi_ya_Bergen
Ya kwako ni shaba ya kusukwa isiyo na kitu cha kuziba maji. Hii ina tepu inayovimba, maji yakiingia yanasimama ndani ya mita chache.

#58 Kisima_Dodoma
Kiwandani yanasimama. Baada ya miaka 15 kwenye maji ya chumvi?

#59 Pweza_Mzamiaji
Vyovyote mtakavyoamua, kabla ya kununua chochote naomba mtu ashuke na kamera apige njia nzima wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa sana. Fundi nitumie inbox ramani ya mahali inapopanda, kama ni lile jiwe ninalolifikiria basi hamna kebo ya kukaa pale, itabidi msogee kusini kwenye mchanga.

#60 Dada_wa_Jointi
Na mkishapata kebo, kabla haijashuka kwenye boti muipime, na ikishalala muipime tena kabla ya kuwasha. Gamba la nje kwa DC, skrini kwa mwendelezo. Zikitofautiana mtajua imeumia mikononi mwenu na dhamana ya kiwanda haitawahusu.

#61 nahodha_mstaafu
Na maboya. Wekeni maboya ya onyo na mkaongee na wavuvi wa pale kabla, siyo baada.